Mwendo wa Chuma Kiwanda Kikiwa Kimya

Kabla ya kueleza lililotokea, yafaa niiweke wazi hali ya mahali penyewe, kwa kuwa bila kuijua hali hiyo msomaji atadhani kwamba palikuwa na uzembe wa mtu mmoja, nami nilikuwapo na sikuuona uzembe.

Shamba la mkonge nililofanyia kazi katikati ya miaka ya hamsini lilikuwa kati ya Voi na Mwatate, kwenye ile tambarare nyekundu ambayo mvua huipita ikielekea milimani. Kiwanda kilikaa katikati ya shamba, na karakana yetu ilikuwa nyuma ya kiwanda, imetenganishwa nacho na ukuta mmoja wa mabati. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na injini moja ya dizeli, nayo ndiyo iliyoendesha kila kitu. Kwa mkanda mpana iliizungusha ngoma ya kuchakata mkonge, yaani lile pipa kubwa la chuma lenye mapanga butu ambalo huyaponda majani na kuziacha nyuzi. Kwa mkanda mwingine iliizungusha shafti ndefu iliyopita chini ya paa la karakana kutoka ukuta hadi ukuta. Kutoka katika shafti hiyo iliteremka mikanda ya ngozi, mmoja kwa kila mashine: mashine kubwa ya kukereza, mashine ndogo ya kukereza, mashine ya kutoboa, na jiwe la kunolea.

Mkerezaji wa chuma huamua mambo mawili kabla kisu chake hakijagusa kitu. La kwanza ni mwendo wa kukata, yaani uso wa chuma upite mbele ya kisu futi ngapi kwa dakika. La pili ni hatua ya kisu, yaani chuma kikizunguka mara moja, kisu kisogee mbele kwa kiasi gani. Mwendo ukizidi, kisu huungua ncha na chuma huvimba kwa joto. Ukipungua, chuma huchanika badala ya kukatika. Hatua ikiwa pana, uso hubaki na mifuo. Ikiwa finyu mno, kisu husugua pasipo kukata, na kusugua nako huzaa joto. Katika chuo cha serikali nilichosomea ufundi tulifundishwa kanuni fupi: futi zile zizidishwe kwa nne, zigawanywe kwa unene wa chuma kwa inchi, na jawabu ndilo idadi ya mizunguko kwa dakika. Kanuni hiyo haidanganyi. Lakini inamtaka mtu ajue mashine yake inazunguka mara ngapi, na karakana yetu haikuwa na chombo cha kupimia jambo hilo.

Tulichokuwa nacho ni tarakimu zilizochorwa kwa rangi nyeupe kwenye boriti juu ya mashine kubwa. Mashine ile ilikuwa na puli ya ngazi nne, na kwa kuuhamisha mkanda kutoka ngazi hadi ngazi ulibadilisha mwendo. Msimamizi wa zamani, ambaye alikwisha ondoka kabla sijafika, aliazima chombo cha kuhesabia mizunguko, akapima kila ngazi, akachora idadi yake. Alikuwa mtu makini, na tarakimu zake zilikuwa sahihi kwa siku aliyozipima. Ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Majani yalikuwa yakiingia kiwandani, ngoma ilikuwa ikiyaponda, na injini, ambayo kidhibiti chake cha mwendo kilikuwa kimechakaa tangu zamani, ilikuwa imeinama chini ya mzigo huo. Hakuandika kwamba alipima injini ikiwa na mzigo, wala hakuwa na sababu ya kuandika. Tangu kiwanda kile kijengwe, injini haikuwahi kuwashwa kwa ajili ya karakana peke yake. Kiwanda kikisimama, injini ilizimwa, nasi tulifagia.

Mashine kubwa ilikuwa ya mtu nitakayemwita fundi, kwa kuwa ndilo jina tulilomwita sote. Alikuwa Mdawida wa Werugha, juu milimani, wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyopinda kidogo kwa ajili ya kuinamia kazi. Alijifunza ukerezaji kwa mafundi wa Kihindi katika karakana za reli, na kwao alipata mazoea ya kutia chai tangawizi nyingi na ya kutosema neno akiwa anapima. Mimi nilikuwa kijana wa Bomeni, upande wa Taveta, niliyelelewa na ami yangu kwa kitabu na sarufi kabla ya kupelekwa chuoni, na nilipewa mashine ndogo. Fundi aliniita mwalimu.

“Mwalimu, kitabu chako kinasema nini leo?” alikuwa akiniuliza kila nilipoanza kukokotoa kwa chaki.

“Kinasema ngazi ya pili.”

“Basi kitabu na mimi tumekubaliana. Andika tarehe, jambo hili halitokei mara nyingi.”

Kwa kweli lilitokea karibu kila siku. Tarakimu za boriti na hesabu zangu za chaki zilipatana na masikio yake, kwa kuwa vyote vitatu vilitokana na karakana ile ile na kelele zile zile. Yeye alisikiliza. Katikati ya mngurumo wa ngoma, ambao wageni waliufunikia masikio, alikuwa akiitambua sauti ya kisu kinachokata vizuri kama mtu anavyoitambua sauti ya mkewe sokoni. Aliangalia pia maranda, yaani zile nyuzi za chuma zinazojikunja kutoka kwenye kisu. Yakitoka meupe, mwendo ulikuwa wa chini. Yakitoka na rangi ya majani makavu, ulikuwa sawa. Yakigeuka buluu, chuma kilikuwa kikipata joto.

Mke wake alikuwa na kifua kikuu. Nalisema hapa kwa sababu kila mtu shambani alilijua na kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalizunguka hapo. Walikaa katika nyumba ya mawe ya shamba, yenye chumba kimoja na jiko la nje, na kila asubuhi mama huyo alitembea polepole hadi zahanati ya shamba kudungwa sindano na dresa. Dawa hiyo ilikuwa ngeni katika miaka ile. Ilitolewa kwa wafanyakazi wa shamba na watu wa nyumbani mwao, nayo ilitakiwa iendelee kwa miezi mingi bila kukatika. Alikuwa amekwisha pita nusu ya safari. Homa ya jioni ilikuwa imekwisha, na mashavu yalikuwa yameanza kurudi. Nilipopita mlangoni kwao alinikaribisha kukaa mbali kidogo naye, upande unakotoka upepo, kama alivyoagizwa.

“Shemeji, mbona unakonda wewe na mgonjwa ni mimi?” aliniambia siku moja.

“Chakula cha kujipikia, shemeji.”

“Oa basi. Au unangoja kwanza usome kitabu cha kuoa?”

Fundi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha, tulipokuwa tukirudi kazini, aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba kule Werugha hakuwa na shamba la kurudia. Matuta ya baba yake yalikuwa yamegawanywa kwa ndugu wakubwa, na yeye, kwa kuwa alikuwa na mshahara, alipewa kipande kisichotosha boma la mbuzi. Kule juu hakukuwa na sindano. Kulikuwa na ukungu, na nyumba za moshi, na baridi ambayo madaktari walimwonya mkewe aikimbie. “Hapa pana vumbi na joto,” alisema, “lakini hapa anapona. Mimi nikitoka hapa, yeye ametoka.”

Katika mwezi wa Februari, wakati wa jua kali la Voi, shafti ya ngoma ilivunjika. Ilivunjika asubuhi, penye shingo inapokaa beringi, kwa mlio mmoja mkavu. Hakuna aliyeumia. Meneja wa shamba alikuja, akainama, akatazama mahali palipovunjika, kisha akaondoka. Bei ya katani ilikuwa imeshuka baada ya vita vya Korea, na mkonge uliokwisha katwa ulikuwa umelala kwenye matroli ukianza kuchacha. Vibarua waliolipwa kwa kazi ya siku walikaa kwenye vivuli vya ukuta wakingoja kuambiwa lolote.

Meneja alirudi akiwa na pande moja la chuma lililokuwa limehifadhiwa ghalani, la unene wa kutosha. Hapakuwa na jingine. La kuagiza kutoka Mombasa lingechukua majuma kadhaa. Alizungumza Kiswahili cha walowezi, kile kinachoamuru hata kinapouliza.

“Fundi, wewe naona hii? Hii moja tu. Wewe haribu, mimi hapana taka wewe hapa. Naelewa?”

“Naelewa, bwana.”

“Kesho mchana ngoma nazunguka.”

“Tutajaribu, bwana.”

“Hapana jaribu.”

Alipokwenda, fundi alilipiga pande lile kwa nyundo ndogo, akasikiliza mlio wake, akasema ni chuma kizuri, kigumu kidogo kuliko kile cha kwanza. Kisha aliniomba nikokotoe. Unene wa shingo ulikuwa inchi tatu na nusu. Kwa futi themanini kwa dakika, jawabu lilikuwa kama mizunguko tisini, na kwenye boriti ngazi ya tatu ilisomeka tisini. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha taja ngazi ya tatu kabla sijamaliza. Tulikubaliana, kama kawaida yetu.

Kesho yake asubuhi mkanda wa ngoma ulivuliwa, na injini ikawashwa kwa ajili yetu. Hilo lilikuwa jambo jipya, lakini upya wake tuliuona upande mmoja tu, ule wa kimya. Upande wa pili wa ukuta wa mabati palikuwa pametulia kiasi kwamba tulisikia vibarua wakikohoa. Fundi alifunga chuma, akashusha maji ya sabuni kutoka kwenye kopo lililotobolewa, akaanza kukata.

Maranda yalitoka buluu mapema. Alisimamisha, akakitazama kisu, akakuta ncha imeanza kulika. Alikinoa upya, akasema, “Nilikwambia hiki kigumu.” Nami nilikuwa nikikata pini za kufungia puli katika mashine ndogo, na kisu changu pia kilikuwa kimelika, nacho nilikinoa, nikiamini kwamba chuma cha pini ndicho kibaya. Hakuna kati yetu aliyeviunganisha visu vile viwili. Siwezi kueleza kwa nini, ila kwamba kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutosha, na mtu mwenye sababu ya kutosha haitafuti nyingine.

Alipoanza tena alilalamika kuhusu sauti. “Leo kila kitu kinapiga kelele,” alisema. “Hata jiwe la kunolea naona linaimba.” Alikuwa amezoea kukisikiliza kisu chini ya mngurumo wa ngoma. Sasa ngoma haikuwapo, na sikio lake halikuwa na kitu cha kulinganishia. Kwa hiyo alirudi kwenye kile alichoweza kukishika. Ngazi ya tatu ilikuwa tisini. Boriti ilisema hivyo, kitabu kilisema hivyo. Kama mwendo ulikuwa sawa na chuma kilikuwa kigumu, la kupunguza lilikuwa hatua ya kisu. Alibadilisha gia, akaipunguza hatua, kisha akaipunguza tena. Ni uamuzi ambao fundi yeyote mwenye akili angeufanya kwa yale aliyoyajua. Kumbe kisu kilichokwisha zidiwa na mwendo sasa kikawa kinasugua pia, na chuma kikazidi kupata moto hadi moyoni mwake, mahali ambapo maji ya sabuni hayafiki.

Katika kukereza shingo ya beringi, kazi yote iko katika kipimo cha mwisho. Beringi haina budi kuwa ndogo kidogo kuliko shafti, ili ichemshwe kwenye mafuta, ipanuke, ivalishwe, na ikipoa iibane shafti isiteleze. Kubana huko huhesabiwa kwa thau, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi. Fundi alitaka shafti iizidi beringi kwa thau moja na nusu. Alizima, akamwaga maji juu ya shingo, akangoja kama alivyongoja siku zote, muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Meneja alikuwa amekwisha fika, akakaa juu ya sanduku karibu na mlango. Kisha fundi aliweka mgongo wa mkono wake juu ya chuma.

Mchana wa Voi katika mwezi ule, chini ya paa la mabati, kila chuma ni moto. Nyundo iliyolala mezani ilikuwa moto. Aliona shafti ina joto lile lile la kila kitu, akachukua maikromita, akapima sehemu tatu, na kila sehemu ilisoma sawasawa na alivyotaka. Alinipa nami nipime. Nilisoma kama yeye.

“Iko sawa?” meneja aliuliza.

“Iko sawa, bwana.”

Beringi zilichemshwa, zikavalishwa. Ziliingia kwa urahisi, bila kuhitaji kugongwa kwa nyundo ya mbao, na watu waliokuwa wamebeba shafti walifurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Mmoja alimtania fundi kwamba safari hii ameipaka samli. Kabla ya alasiri ngoma ilikuwa imerudi mahali pake na mkanda wake umevishwa. Meneja alimwitikia fundi kwa kichwa mara moja, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Vibarua walisimama, wakajikung’uta vumbi, wakaenda kwenye matroli. Mke wa fundi, aliyesikia injini ikinguruma kwa nguvu, alikuwa ametoka akasimama mlangoni kwake na kujifunika leso mabegani, akitutazama kwa mbali.

Nilirudi kwenye pini zangu. Nilikuwa katikati ya mkato wakati majani ya kwanza yalipoingia kwenye ngoma. Mngurumo uliongezeka, injini ikainama, na shafti iliyo chini ya paa ikapunguza mwendo. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka na sikuwahi kuligundua, kwa kuwa asubuhi zote hizo lilitokea kabla hatujaanza kukata. Sasa lilitokea kisu kikiwa ndani ya chuma. Sauti ya mkato ilishuka. Maranda, yaliyokuwa yakitoka buluu tangu asubuhi, yakageuka mbele ya macho yangu yakawa na rangi ya majani makavu. Sikuwa nimegusa kitu chochote.

“Fundi, njoo usikie.”

“Nasikia. Si kiwanda kimeamka?”

“Usisikilize kiwanda. Sikiliza mashine yangu. Na haya, tazama.”

Alikuja akipangusa mikono. Aliyatazama maranda, ya buluu na ya rangi ya majani, yametoka kwenye pini moja na kisu kimoja. Aliinua uso akaitazama shafti ya juu, kisha ile boriti.

“Asubuhi tulikata kwa ngapi?” aliuliza.

“Sijui. Si tisini.”

“Zaidi.”

“Zaidi sana, fundi. Pengine kwa robo.”

“Basi ile ilikuwa moto ndani.” Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma. “Nilipima moto. Ndiyo sababu beringi iliingia bila nyundo.”

Tulikwenda pamoja upande wa kiwanda. Pale mbele ya ngoma walikuwa wamesimama watu wanne, wakiyapanga majani kwenye mnyororo unaoyapeleka kwenye mapanga, na nyuma yao wanawake waliokuwa wakizipokea nyuzi zenye maji. Fundi aliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, akakiondoa haraka. Kisha akakirudisha, akakiacha kidogo. Ilikuwa na joto ambalo beringi mpya haipati katika muda mfupi kama ule. Sote wawili tulilielewa. Beringi ilikuwa imelegea, inazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo. Ingeweza kwenda hivyo siku moja, au juma zima. Ingeweza pia kushika na kukwama wakati wowote, na ngoma ya uzito ule ikishika katikati ya mwendo hung’oka mahali pake pamoja na mapanga yake.

“Labda ni jua,” nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

“Jua haliingii humu, mwalimu.”

Alitazama wale watu wanne. Mmoja alimwita kwa mzaha, akamwuliza kama amekuja kuomba kazi ya kupanga majani. Fundi alitazama tena upande wa nyumba za mawe, ambako mkewe alikuwa bado amesimama, na nilijua anachokihesabu kwa sababu nami nilikuwa nikikihesabu: miezi ya sindano iliyobaki. Angeweza kunyamaza. Chuma kingine kingeagizwa kimyakimya kwa kisingizio fulani. Mimi nisingesema, naye alijua kwamba nisingesema. Alikwenda kwenye mti mrefu wa kuhamishia mkanda, akauvuta kwa mikono miwili, na ngoma ikaanza kufa polepole.

Meneja alifika kabla haijasimama.

“Nani simamisha hii?”

“Mimi, bwana. Beringi inazunguka juu ya shafti. Ikishika, ngoma itawatokea hawa watu.”

“Beringi iko moto kidogo. Beringi yote iko moto.”

“Nipe nafasi ipoe kabisa, nipime mbele yako.”

Meneja alitaka kuurudisha mkanda. Lakini wale watu wanne walikuwa wamekwisha yasikia maneno ya fundi, nao walirudi nyuma wakakaa, na hakuna aliyesogea kwenye mnyororo. Beringi moja ilivuliwa. Ilitoka kwa mkono. Shafti iliachwa mpaka jua lilipoteremka na upepo wa jioni kuingia, na hapo fundi akapima huku meneja akisimama begani kwake. Shingo ilikuwa imepungua thau mbili na nusu kutoka kipimo cha mchana. Badala ya kuizidi beringi, ilikuwa ndogo kuliko beringi kwa thau nzima.

“Nani kata hii?”

“Mimi, bwana.”

Nilijitokeza nikaeleza habari ya injini: kwamba haina mzigo ikiwa ngoma haizunguki na hivyo huenda mbio, kwamba tarakimu za boriti ni za siku ya kazi, kwamba mtu yeyote angekata kwa ngazi ile. Nilieleza kwa mpango mzuri, kuanzia sababu hadi tokeo, na nina hakika alinielewa kila neno.

“Injini hapana kata chuma,” alisema. “Fundi nakata chuma.”

Fundi alinigusa mkono ninyamaze. Alimwomba meneja jambo moja tu, kwamba aachiwe nyumba mpaka sindano za mkewe ziishe, na yeye atafanya kazi yoyote, hata ya kukata majani. Alisema kwa heshima, kofia mkononi. Meneja alijibu kwamba nyumba ni ya fundi wa karakana, na dawa ni ya watu wa shamba.

Waliondoka mwisho wa juma. Dresa, ambaye alikuwa mtu mwema, alimdunga sindano ya mwisho asubuhi ya safari na kumpa vidonge vya siku chache ambavyo hakuruhusiwa kuvitoa. Niliwasindikiza hadi Mwatate, nikibeba godoro. Shemeji alipumzika mara nyingi njiani. Aliniambia nisiwe na uso kama huo, kwamba Werugha kuna maziwa na mboga, na watu hunenepa. Fundi aliulizia kazi katika hospitali, ili mkewe apate sindano, na katika karakana za Voi kwa muda wa mwezi mzima, akilala kwa jamaa, na kila mahali aliulizwa kwa nini aliachishwa, naye kila mahali alieleza ukweli.

Homa ilirudi mwezi wa Mei, ukungu uliposhuka. Mke wake alifariki mwezi wa Julai, akazikwa juu ya matuta ya shemeji zake. Chuma kutoka Mombasa kilikwisha fika zamani. Nilikikata mimi, kwa ngazi ya pili, iliyo ya polepole kuliko ya tatu, katika mashine kubwa, ambayo nilikuwa nimekabidhiwa.